Baba kaniachia cherehani na laki tano, kaka kibanja na nyumba ya mjini. Wosia wa mzazi unapingika?

#1 Koku Kamachumu
Wakuu salaam. Nyuzi nyingi za mirathi nilizosoma humu ni za marehemu asiyeacha wosia. Mimi wosia upo, na huo ndio unaoninyima usingizi.

Baba yetu, mwalimu mstaafu, alifariki mwezi wa pili. Mama alitangulia miaka mingi. Tuko wanne: kaka mkubwa, mimi, mdogo wangu wa kike na kitinda mimba wa kiume. Siku ya kumaliza msiba baba mdogo alitoa bahasha, ndani karatasi moja iliyopigwa chapa. Kaka kapewa kibanja chenye nyumba ya familia, karibu eka mbili za migomba na mibuni, pamoja na nyumba ya kupangisha Bukoba mjini. Kitinda mimba kapewa rweya, yaani ardhi ya nyasi nje ya kibanja, yenye miti. Mdogo wangu mbuzi wawili. Mimi cherehani ya mama na shilingi laki tano, ambazo mpaka leo hakuna aliyesema ziko wapi.

Mimi ndiye niliyehamia nyumbani baba alipopata kiharusi. Nilimwogesha, nilimlisha, kibanja nilikipalilia mwenyewe. Katika wosia hakuna sababu yoyote iliyoandikwa. Mashahidi ni wawili: baba mdogo na wifi yangu, mke wa kaka mkubwa.

Na chini kuna dole gumba. Baba yangu, aliyefundisha mwandiko darasa la pili, dole gumba! Nina stakabadhi ya kahawa ya chama cha msingi ya mwezi uleule wa wosia. Ina sahihi yake, na tarehe kaiandika mwenyewe, mwezi kwa namba za Kirumi kama alivyozoea.

Kaka keshafungua mirathi mahakama ya mwanzo. Swali langu: mtoto anaweza kupinga wosia kwa sababu tu kapewa kidogo mno? Au lazima nithibitishe kwamba ni wa kughushi?

#2 Mzee wa Nyamkazi
Pole kwa msiba binti. Ila mbona hayo ni ya kawaida kwetu? Kaka yako ndiye omusika, mrithi mkuu. Kibanja hakitoki nje ya ukoo, na binti akiolewa anakula kibanja cha alikoolewa. Baba yako kafuata alichofuata baba yake.

#3 Sista wa Mbezi
#2 mzee wangu shikamoo, lakini nyumba ya kupangisha mjini nayo ni ya ukoo? Ukoo uliijenga lini? Mila inakumbukwa siku ya kugawa. Siku ya kumgeuza mzee kitandani ilikuwa wapi?

#4 Mzee wa Nyamkazi
#3 marahaba. Sijasema ni haki, nimesema ndivyo ilivyo.

#5 Karani wa Zamani
Nimekaa masjala za mahakama muda mrefu, naomba mnisikilize kidogo.

Tanzania Bara hatuna sheria moja ya mirathi. Kuna ya mila, kuna ya Kiislamu, na kuna ya kiserikali, ambayo kwa kugawa mali inatumia Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Ndiyo, ya 1865, bado iko kazini. Sura ya 352 yenyewe, yaani Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, inahusu zaidi utaratibu wa usimamizi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama wosia unapingika, tuulize marehemu anaangukia sheria ipi. Mahakama zinaangalia mambo mawili: maisha aliyoishi, na nia yake mwenyewe. Kesi inayotajwa sana ni ya mirathi ya marehemu Innocent Mbilinyi ya 1969. Mahakama ilimtazama alivyoishi mjini mbali na mila za kwao, ikaona sheria ya mila haimhusu.

Koku, baba yako aliishi vipi? Ukishajibu hapo ndipo utajua unapigania nini.

#6 Ustadhi wa Pongwe
Assalaam alaykum. Kwetu hili lisingefika mbali. Muislamu hawezi kuusia zaidi ya theluthi ya mali yake baada ya kulipa madeni, na hiyo theluthi haimwendei mrithi mpaka warithi wengine waridhie. Mafungu ya watoto yamo katika Suratun-Nisaa, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Mzee hawezi kumnyima mtoto wake kwa karatasi.

#7 Bint Mzizima
#6 wa alaykum salaam ustadhi. Theluthi ni kweli. Lakini wazee wetu wanapita mlango wa hiba. Anaandikisha nyumba kwa jina la mtoto mmoja angali hai, akifa hakuna cha kugawa. Yametukuta Kariakoo, na kadhi alituambia hiba iliyokwisha kukabidhiwa haingii kwenye mirathi.

#8 Ustadhi wa Pongwe
#7 sahihi kabisa, ndiyo maana Mtume (S.A.W.) alihimiza uadilifu baina ya watoto katika kuwapa. Dhambi yake iko kwa aliyetoa.

#9 Msukuma wa Kishapu
Wakuu tusimpoteze dada, mzee wake bila shaka alikuwa Mkristo huko Muleba, wa KKKT (Kilutheri) au Katoliki, ya theluthi hayamgusi. Karani, turudishe kwenye mila. Wosia wa kimila una masharti gani?

#10 Karani wa Zamani
#9 asante kwa kunirudisha. Tangazo la Serikali namba 436 la 1963, lile lenye sheria za mila zilizokusanywa, lina sehemu nzima ya wosia. Kwa kifupi:

Wosia wa mdomo unataka mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wa maandishi, kama mwosia anajua kusoma na kuandika, mashahidi wawili wanatosha, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Kama hajui, wanarudi wanne. Na awe na akili timamu, asiwe ameshikwa na hasira ya ghafla.

Kuhusu kumnyima mtoto, mwosia hana uhuru wote. Sababu zinazokubalika zimetajwa: mtoto amezini na mke wa baba yake, kajaribu kumuua au kumdhuru mwosia au mama mzazi, au kamtelekeza mwosia kwenye njaa au ugonjwa bila sababu. Na lazima sababu isemwe wazi katika wosia, tena huyo mtoto apewe nafasi ya kujitetea.

Dada Koku alimuuguza. Kumtelekeza kwenye ugonjwa ndiko kungekuwa sababu, na yeye kafanya kinyume chake.

#11 Nyuki Mkali
#10 mkuu, ila hajanyimwa. Kapewa cherehani. Wakili wa kaka atasimama aseme "mheshimiwa, fungu lake hili hapa."

#12 Sista wa Mbezi
#11 na laki tano za kwenye ndoto.

#13 Baharia Mstaafu
Mbona mnazunguka? Wosia wa marehemu Reginald Mengi ulitupwa kwa sababu aliwaacha watoto wake. Tajiri yule, na mawakili wote wale, ukatupwa. Sembuse karatasi moja ya Kamachumu.

#14 Karani wa Zamani
#13 tuwe waangalifu hapo. Mzee Mengi alifariki Mei 2019, Mahakama Kuu ikaubatilisha wosia Mei 2021. Watoto wakubwa kuachwa nje bila sababu kuelezwa ni jambo mojawapo lililojadiliwa. Jingine zito lilikuwa afya yake wakati wosia unatengenezwa, kama alikuwa katika hali ya kufanya uamuzi huo. Usichukue hoja moja ukaiacha nyingine. Koku naye ana hoja ya kiharusi, anaweza kuitumia, lakini itamgeukia kama hana cheti cha daktari.

#15 Daktari wa Wilaya
Hapo nichangie. Koku, kiharusi kilipiga upande gani? Na alikuwa anaongea? Kupooza mkono hakumaanishi kupotea akili. Nimeona wazee hawawezi kushika kijiko lakini wanakumbuka deni la mwaka 1978. Omba hospitali nakala ya faili lake, hasa kumbukumbu za karibu na tarehe ya wosia.

#16 Koku Kamachumu
Asanteni wote. Najibu.

#5: Aliishi kijijini maisha yake yote isipokuwa miaka ya ualimu. Alikuwa mzee wa kanisa. Vikao vya ukoo alihudhuria, lakini hakuwahi kwenda kutambika, na mahari yangu alikataa kupokea zaidi ya Biblia na kanzu. Sasa hayo ni maisha gani, ya mila au ya Kikristo?

#15: Upande wa kushoto. Baba alikuwa wa mkono wa kulia. Aliongea polepole lakini alieleweka, na gazeti alisoma. Ndiyo maana dole gumba linaniuma. Angeandika. Hata akichukua nusu saa angeandika.

#4: Mzee, mimi niliachika. Kibanja cha nilikoolewa sina.

#17 Mzee wa Nyamkazi
#16 hilo hukulisema mwanzo. Pole. Basi kwa mila hiyohiyo binti aliyerudi nyumbani hafukuzwi, anapewa pa kulima na pa kulala. Kaka yako akikutoa atakuwa kavunja mila anayoitetea.

#18 Mkenya wa Thika
Habari zenu ndugu. Huku Kenya swali la Koku lina jibu moja kwa moja. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika Julai 1981, inampa mtu uhuru wa kuusia mali yake. Lakini kifungu cha 26 kinasema mtegemezi ambaye hakuachiwa vya kutosha anaweza kuiomba korti imtengee fungu la haki. Mtoto ni mtegemezi kwa kifungu cha 29, awe alikuwa akilishwa na marehemu au hapana, awe ameolewa au hajaolewa. Huhitaji kusema wosia ni bandia. Unakubali wosia ni wa kweli, unasema tu haukutosha.

#19 Nyuki Mkali
#18 aisee! Yaani kidogo chenyewe ndiyo hoja?

#20 Wanjiru wa Nakuru
#18 umesahau kumwambia masharti. Ombi hilo liletwe kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa, baada ya hapo mlango umefungwa. Tena jaji anaangalia mali ni kiasi gani, wewe una uwezo gani, marehemu alikupa nini akiwa hai, mlivyoishi naye, na sababu zake kama zinajulikana. Si kila mtoto analia anapewa. Na muda! Mirathi ya marehemu Mbiyu Koinange, waziri wa zamani aliyefariki 1981, imewazungusha warithi kortini miongo na miongo.

#21 Mbongo Leicester
Na huku Uingereza sheria kama hiyo ipo, ya mwaka 1975. Kuna kesi ya Heather Ilott, mama yake alimnyima kila kitu akaachia mashirika ya hisani ya wanyama, kisa binti alitoroka nyumbani na mvulana akiwa na miaka 17. Mali ilikuwa karibu pauni 486,000. Akapewa 50,000, Mahakama ya Rufaa ikapandisha hadi 143,000, halafu mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikarudisha palepale 50,000. Zaidi ya miaka kumi mahakamani.

#22 Baharia Mstaafu
#21 mali kaachia mbwa na paka? Mzee wa Nyamkazi, unaona? Afadhali omusika.

#23 Mzee wa Nyamkazi
#22 😂 kwetu mbwa anakula kwa omusika, hana hati.

#24 Karani wa Zamani
Turudi Kagera. Alichosema #18 kwetu Bara hakipo kwa sura hiyo. Kwenye sheria ile ya 1865 mtu ana uhuru wa kuusia, mwanawe hana fungu la lazima. Kwa hiyo Koku, ukienda na hoja ya "kidogo" peke yake kwenye sheria ya kiserikali, utatoka mikono mitupu. Ukienda na hoja ya jinsi wosia ulivyotengenezwa, hapo kuna kesi.

Kuna jambo limewapita wote. Kaka kafungua mirathi mahakama ya mwanzo. Mahakama ya mwanzo ina mamlaka kwa mirathi ya mila na ya Kiislamu tu. Kwa kwenda pale kaka mwenyewe kasema kwamba baba yao ni wa mila. Akishasema hivyo, wosia wake upimwe kwa masharti ya mila: shahidi mmoja wa ukoo, mmoja wa nje.

#25 Msukuma wa Kishapu
#24 na mashahidi wote wawili ni wa ukoo! Kwisha habari yake.

#26 Mzee wa Nyamkazi
#25 taratibu kijana. Baba mdogo ni wa ukoo, sawa. Mke wa kaka si wa ukoo. Wahaya hatuoi ndani ya ukoo wetu, kwa hiyo yule lazima katoka ukoo mwingine na mwiko wake ni mwingine. Akiolewa anazaa watoto wa ukoo wetu, yeye habadiliki. Wakili akijua hilo wosia unasimama.

#27 Sista wa Mbezi
#26 maana ya shahidi wa nje ni kupata jicho lisilo na njaa. Mtu ambaye mumewe ndiye anachukua kibanja na nyumba ya mjini, huyo ni jicho la nje?

#28 Mzee wa Nyamkazi
#27 maana ni moja na maneno ya kanuni ni mengine. Nimekueleza ukoo.

#29 Wakili Msomi wa Mwanza
Salaam. Naongezea jambo ambalo Karani hajalisema. Tuseme hakimu akaona marehemu si mtu wa mila, shauri likahamia sheria ya 1865. Huko wosia wenye mashahidi wawili hauanguki kwa sababu shahidi ana masilahi. Kinachoanguka ni kile alichoachiwa shahidi huyo, au mume wake, au mke wake. Wifi ni shahidi, mumewe ni kaka. Basi wosia unabaki, cherehani inabaki, rweya ya kitinda mimba inabaki, ila kibanja na nyumba ya mjini vinatoka kwenye wosia na kugawanywa kana kwamba havikuusiwa. Na mgao wa sheria hiyo kwa watoto, pale mjane hayupo, ni sawa kwa sawa, wa kike na wa kiume.

#30 Nyuki Mkali
#29 subiri. Kwa hiyo kaka, kwa kumwita mkewe asaini, kajikata mwenyewe?

#31 Wakili Msomi wa Mwanza
#30 kwa sheria hiyo, ndiyo. Ndiyo maana kaka anaipenda mahakama ya mwanzo. Sijui kama anajua au kabahatisha.

#32 Msukuma wa Kishapu
Sasa nimeelewa ugumu wake. Koku akishangilia mila ili wosia ufe, wosia utakufa kweli, halafu mali itagawanywa kimila bila wosia. Na kimila warithi wana madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza, wanaume wengine, halafu ndiyo wa kike wa mwisho. Ataua nyoka akaumwa na nge.

Kwetu Shinyanga wajane wawili, Elizabeth Stephen na Salome Charles, walilipeleka hilo Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kanuni zile zina ubaguzi, lakini ikasema kuzibadilisha si kazi yake. Rufaa ikakwama kwa mambo ya kiufundi. Wakaenda hadi kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, na mwaka 2015 ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Kanuni zipo mpaka leo.

#33 Sista wa Mbezi
#32 lakini kuna Holaria Pastory! Tena wa hukohuko Muleba kwa kina Koku. Baba yake alimwachia ardhi ya ukoo KWA WOSIA. Mwaka 1988 akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi laki tatu, mpwa wake Bernardo Ephraim akamshtaki mahakama ya mwanzo ya Kashasha, kwamba mwanamke anatumia tu ardhi ya ukoo, hauzi. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza kwa Jaji Mwalusanya. Jaji akasema Katiba inakataza ubaguzi, haki za wanaume na wanawake juu ya ardhi ya ukoo ni sawa. Kwa hiyo hata mahakama ya mwanzo Koku si yatima.

#34 Wakili Msomi wa Mwanza
#33 umesema kweli, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Lakini Holaria alikuwa na wosia mkononi, alikuwa anatetea alichopewa. Koku anatafuta ambacho hakupewa. Hakimu mmoja ataona ni kitu kilekile, mwingine ataona tofauti. Nimewahi kushinda hoja hii na nimewahi kushindwa nayo, mkoa uleule.

#35 Mtoto wa Katikati
Mimi ni mwanaume na sikuachiwa chochote. Tusifanye hili la wanawake tu. Mzee wetu huku Mbeya alimpa kila kitu mtoto wa mke mdogo. Sababu yake, aliyomwambia mchungaji si sisi, ni kwamba mimi "nilishapewa elimu." Alinilipia chuo, kwake hilo lilikuwa fungu langu. Koku, wewe umesoma hadi wapi? Huenda mzee alihesabu hivyo.

#36 Koku Kamachumu
#35 pole kaka. Nilisoma ualimu wa cheti, nikaacha kazi kuja kumuuguza. Kaka mkubwa ndiye mwenye shahada. Kwa hesabu hiyo yeye ndiye angepata cherehani.

#37 Bint Mzizima
#36 🙌

#38 Nyuki Mkali
Mimi naona wazi ni wifi. Aliandika yeye, akachapa yeye, akamshika mzee kidole.

#39 Daktari wa Wilaya
#38 hujui hilo. Inawezekana siku ile mzee mkono ulikuwa umechoka, au kuna aliyemwambia dole gumba ndiyo imara zaidi kuliko sahihi. Vijijini watu wanaamini hivyo. Alama za vidole zinapimika, polisi wana wataalamu. Kama ni la mzee, hoja ya kughushi imekufa na inabaki hoja ya kama alielewa.

#40 Shangazi wa Taifa
Wanangu, hebu niulize jambo dogo. Mama yenu alipofariki, mirathi yake mlifungua? Kibanja kile alilima nani miaka yote mwalimu akiwa shuleni? Nyumba ya mjini ilijengwa kwa mshahara wa mwalimu peke yake, au kuna pesa ya cherehani ndani? Mnagombania mali ya baba, nusu yake huenda ni ya mama, na ya mama baba hawezi kuiusia.

#41 Msukuma wa Kishapu
#40 Shangazi!!! Hapo umegusa. Kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilisema hata kazi za nyumbani za mke ni mchango.

#42 Karani wa Zamani
#41 tukumbuke Bi Hawa ilikuwa talaka. Mgawanyo wa mali ya ndoa kwa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 unafanyika ndoa inapovunjwa na mahakama, si kwa kifo. Lakini wazo la Shangazi halifi. Kama kuna hati, risiti au barua inayoonyesha mama alikuwa mmiliki mwenza, hilo fungu si la wosia huu. Bila karatasi ni maneno ya mtaani.

#43 Koku Kamachumu
#40 Shangazi umenifanya nilie ofisini. Mama alishona sare za shule nzima kwa ile cherehani. Tofali za nyumba ya Bukoba mimi nilizihesabu naye. Mirathi yake haikufunguliwa, hakuna aliyewaza. Kiwanja kina jina la baba pekee.

#44 Mama Ngara
Nisikike na mimi niliyepinga. Nilishinda, mgao ukafanyika upya, nikapata nyumba. Leo ni mwaka wa saba kaka zangu hawanisalimii, na binti yangu alipoolewa kiti cha wajomba kilikuwa kitupu. Sisemi usipinge. Ningerudi nyuma ningepinga tena, ila ningewaita kwanza mbele ya mchungaji na wazee, niwaambie ninachotaka kwa kiasi: eka fulani, chumba fulani. Mimi nilianza na barua ya wakili, na walipoiona wakafunga mlango.

#45 Baharia Mstaafu
#44 wazee gani, wakati shahidi wa wosia ndiye baba mdogo? Atajihukumu mwenyewe? Mahakamani moja kwa moja.

#46 Ustadhi wa Pongwe
#45 suluhu ni heri, ndugu yangu. Hata hakimu atawauliza kwanza kama mlikaa.

#47 Karani wa Zamani
Koku, mjadala usikupotezee siku. Mahakama ya mwanzo ikishapokea maombi inatoa tangazo kuwaita wenye pingamizi. Andika pingamizi lako kabla msimamizi hajateuliwa. Ambatanisha nakala ya wosia, ile stakabadhi ya kahawa na barua za baba zenye sahihi. Stakabadhi halisi usimwachie mtu, toa nakala iliyothibitishwa. Kama keshateuliwa, unaomba uteuzi utenguliwe mahakama ileile, au unakata rufaa mahakama ya wilaya ndani ya siku 30. Msimamizi wa mahakama ya mwanzo anatakiwa kuleta orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne, angalia hizo laki tano kama zimo. Pesa ya wakili kama huna, waulize ofisi ya wilaya wasaidizi wa kisheria wako wapi. Tangu sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 wanasajiliwa.

#48 Nyuki Mkali
#47 na wosia mwingine je? RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanatunza wosia. Mwalimu aliyependa maandishi hivyo hakuwahi kuandika mwingine? Kanisani je?

#49 Koku Kamachumu
Wakuu, nimerudi. Nilikwenda masjala, nikaona jalada. Msimamizi hajateuliwa, pingamizi nimeliandika na limepokelewa. Muhtasari wa kikao cha ukoo alioambatanisha kaka unasema marehemu "aliishi kwa mila za Kihaya". Jina langu limo kwenye waliohudhuria, na mbele yake kuna sahihi. Sikuhudhuria kikao hicho. Sahihi si yangu.

#48: Mchungaji kaniambia baba aliwahi kumpa bahasha akaja kuichukua mwenyewe kabla ya kiharusi. Ilikuwa na nini, hajui.

#44: Nilimpigia kitinda mimba. Amesema ananielewa, ila hatasimama mahakamani dhidi ya kaka kwa sababu rweya yake imo kwenye karatasi hiyohiyo.

#50 Wakili Msomi wa Mwanza
Sahihi ya kughushi kwenye muhtasari ni jambo la polisi, na ni zito kuliko dole gumba, kwa sababu wewe u hai na unaweza kusema si yako. Lakini usiripoti kabla hujaamua sheria ipi unaitaka. Ukiukubali muhtasari wa mila ili umbane kaka kwa mashahidi, unaingia kwenye madaraja aliyosema #32. Ukiukataa, unaomba shauri litoke mahakama ya mwanzo, na unategemea Biblia na kanzu vimshawishi hakimu.

#51 Mzee wa Nyamkazi
#50 mahari ya Biblia na kanzu haimtoi mtu kwenye ukoo. Mwalimu alikaa vikao vya ukoo. Mimi nasema ni wa mila, na kwa mila hiyo binti aliyerudi apewe pake pa kulima. Aanzie hapo.

#52 Sista wa Mbezi
#51 mzee, apewe na nani? Na yule aliyesaini jina lake?

#53 Shangazi wa Taifa
Koku mwanangu, yule mpangaji wa nyumba ya mjini analipa kodi kwa nani tangu mwezi wa pili? Msimamizi hajateuliwa, hakuna mwenye ruhusa ya kuipokea. Muulize kaka hilo mbele ya hakimu.